Sarufi ya Kikroatia kupitia vitabu vya Kiingereza: sisi wa Kiswahili tuisomeje?

Mlingoti

Wakuu, salaam.

Wanaoulizia Kikroatia humu jukwaani wanaongezeka. Kuna waliopata kazi Zagreb au kwenye hoteli za pwani ya Adria, waliooa na kuolewa huko, wanaofuata masomo. Kilio ni kimoja: sarufi. Na karibu wote wanasoma kupitia kitabu kilichoandikwa kwa Kiingereza, kwa ajili ya mtu aliyenyonya Kiingereza. Kitabu hicho kinamuonya msomaji juu ya mambo yanayomshinda Mwingereza, na kinapita mbio kwenye mambo ambayo Mwingereza hayamsumbui. Mswahili akikisoma hivyo hivyo anaishia kuogopa vitu anavyovijua tangu utotoni.

Msimamo wangu ni kwamba kitabu cha Kiingereza tukitumie, maana ndicho kinachopatikana, lakini pembeni tuweke sarufi ya Kiswahili tuliyofundishwa shule: ngeli, upatanisho, viambishi, kiima na yambwa. Hapo utajua ukurasa gani uuruke na ukurasa gani ukae nao wiki nzima.

Nianze na sauti. Kikroatia kina irabu tano, a e i o u, na zinatamkwa kama zetu, hata zikiwa mwisho wa neno. Kitabu cha Kiingereza kitamsihi sana msomaji wake asizififishe irabu za mwisho, kwa sababu mwisho wa neno ndipo sarufi ya Kikroatia ilipokaa. Kava, kave, kavi, kavu: zote ni kahawa, lakini kila moja ina kazi yake kwenye sentensi. Asiyezitofautisha kwa sikio hawezi kujua nani kamfanya nini nani. Wewe unazitofautisha tayari.

Herufi ziko 30, na msingi wake ni kazi ya Ljudevit Gaj aliyechapisha pendekezo lake la tahajia mwaka 1830. Kila herufi ina sauti yake, kwa hiyo ukishazijua unasoma gazeti kwa sauti hata kama huelewi kitu. J isome kama y yetu, nj ni ny ya nyama, č ni ch, š ni sh, c ni ts. Kati ya č na ć, Wakroatia wengi wenyewe hawatofautishi kwa kutamka. Zingatia kwenye kuandika.

Kinachotutesa ni konsonanti kufuatana. Krk (kisiwa), trg (uwanja wa mjini), krv (damu), prst (kidole) hazina irabu hata moja, na wengi wetu tunachomeka i au u katikati. Tamka mtu polepole: ile m ni silabi kamili, inasimama bila irabu. R ya Krk inafanya kazi ile ile.

Angalieni na mkazo. Sisi tumezoea kuuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kikroatia sanifu hakiuweki silabi ya mwisho kwenye neno lenye silabi zaidi ya moja, ila pengine kote unaweza kukaa. Dubrovnik mkazo uko mwanzo kabisa, kwenye Du.

Sasa upatanisho. Nomino za Kikroatia zina jinsia tatu, na kila kivumishi kinafuata nomino yake: moj novi stol (meza yangu mpya), moja nova kuća (nyumba yangu mpya), moje novo selo (kijiji changu kipya). Kwa mzoefu wa Kiingereza huu ni mlima, maana neno lake la "yangu" halibadiliki popote. Sisi tunasema kiti changu kipya, gari langu jipya, mti wangu mpya tangu hatujui kusoma. Wao wana makundi matatu, sisi tuna zaidi. Kanuni ya haraka: nomino inayoishia na konsonanti mara nyingi ni ya kiume, inayoishia na -a ni ya kike, -o au -e ni ya kati. Zipo za kike zinazoishia na konsonanti, kama noć (usiku), stvar (kitu), riječ (neno), hizo zishike kwa kichwa.

Kuna jambo vitabu vinaliita la pekee na sisi tunalo nyumbani. Tata (baba) na kolega (mfanyakazi mwenza) yanaishia na -a kama ya kike, lakini mtu husema tata je došao, baba amekuja, kwa umbo la kiume. Umbo la neno linasema hivi, maana inasema vile, na upatanisho unafuata maana. Ni kama kiongozi: kina ki- mbele, lakini hatusemi kiongozi kimefika.

Kiima nacho kimo ndani ya kitenzi. Radim, radiš, radi, radimo, radite, rade: nafanya kazi, unafanya kazi, na kuendelea. Ja (mimi) linatajwa ukitaka kusisitiza tu. Ukimsikia mgeni anayeanza kila sentensi na ja, ujue anafikiri kwa Kiingereza. Na "a" na "the" za Kiingereza hazipo huku, kama zisivyokuwepo kwetu.

Padeži, yaani maumbo ambayo nomino inavaa kulingana na kazi yake, nitaandika chini. Naona watu wameanza kuingia.

TausiMweupe

Asante kiongozi. Mimi hiyo padeži ndiyo inanitoa jasho. Kitabu changu kinasema ukienda mahali tumia akuzativi. Sawa. Halafu mfano wake ni Idem u Zagreb. Mbona Zagreb haijabadilika? Nikaja kusoma Idem u Rijeku, imebadilika. Halafu naishi Rijeka ni Živim u Rijeci, hiyo c imetoka wapi?

Mlingoti

Dada, swali lako limebeba nusu ya somo.

Padež ni umbo ambalo nomino inavaa kulingana na kazi yake kwenye sentensi. Ziko saba: nominativi (ya kiima, ndiyo umbo la kamusi), genitivi, dativi, akuzativi (ya yambwa), vokativi, lokativi, instrumentali. Kiingereza kinajua nani mtendaji kwa kuangalia nani katangulia. Kikroatia kinaangalia mwisho wa neno. Pas je ugrizao čovjeka ni mbwa kamng'ata mtu. Čovjeka je ugrizao pas bado ni mbwa aliyeng'ata, japo mtu katajwa kwanza, kwa sababu ile -a ya čovjeka inasema huyu ni yambwa.

Kuhusu Zagreb: nomino ya kiume isiyo na uhai, akuzativi yake ni sawa na nominativi. Ndiyo maana Vidim grad (naona mji) haibadiliki, ila Vidim studenta inabadilika, maana mwanafunzi ana uhai. Na sisi tunalo hilo, kiumbe hai kinapewa upatanisho wake hata kama neno ni la ngeli nyingine. Rijeka ni ya kike yenye -a, kwa hiyo akuzativi ni -u: Rijeku. Kwenye lokativi -a inakuwa -i, na k ikikutana na hiyo i inageuka c: Rijeka, u Rijeci. Afrika, u Africi. G inakuwa z: noga (mguu), na nozi. Kenija na Tanzanija hazina shida hiyo: u Keniji, u Tanzaniji.

Miji mingine inadondosha a iliyo ndani: Zadar, u Zadru. Karlovac, u Karlovcu. Ukitafuta Zadru kwenye kamusi hutaipata, lazima urudi kwenye Zadar.

Hapa sasa ndipo Mswahili anatakiwa atulie, kwa sababu Kiswahili kitamdanganya. Sisi tuna -ni ya mahali: naenda shuleni, niko shuleni, natoka shuleni. Nomino ni ile ile, kitenzi ndicho kinachosema unaenda, uko au unatoka. Kikroatia kinagawa hiyo -ni mafungu matatu: Idem u školu. U školi sam. Dolazim iz škole. Mwelekeo ni akuzativi, kukaa ni lokativi, kutoka ni genitivi. Kila ukitaka kusema neno lenye -ni, jiulize kwanza: naenda, niko, au natoka?

Na kila "kwenda" ina "kutoka" yake. Mahali panapochukua u, kutoka ni iz: u školu, iz škole. Panapochukua na, kutoka ni s: na more, s mora (baharini). Mtu huchukua kod ukiwa kwake, na od ukitoka kwake: od liječnika, kutoka kwa daktari. Lipi linachukua u na lipi na, hilo ujifunze na neno lenyewe: u gradu (mjini), lakini na poslu (kazini), na otoku (kisiwani), na fakultetu (chuoni).

Zilizobaki tunazo, ila tumezificha pengine. Dativi ni ile kauli ya kutendea. Nimemnunulia mama mkate: kazi ya "kwa ajili yake" iko kwenye -li- ya nunulia. Kikroatia kinaacha kitenzi kilivyo na kuiweka kazi hiyo kwenye mama: Kupio sam majci kruh. Majka imekuwa majci, basi. Genitivi kwa sehemu kubwa ni -a unganifu yetu: kuća moje majke, nyumba ya mama yangu, čaša vode, glasi ya maji.

Instrumentali ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Wanaosoma kwa Kiingereza wanakosea hapa mpaka wanazeeka, kwa sababu Kiingereza kina neno moja kwa kuandika na kalamu na kwenda na rafiki. Sisi tunatofautisha: naandika kwa kalamu, naenda na rafiki. Kikroatia vile vile. Pišem olovkom, bila kihusishi. Idem s prijateljem, na kihusishi s. Penye "kwa" yetu ya kifaa, usiweke s. Penye "na" ya kuandamana, weka s. Putujem vlakom, nasafiri kwa treni.

Mzee_Kalamu

Vijana hamjambo. Mimi nilisoma Kirusi enzi za Urusi ya Kisovieti, na wenzetu wa wakati huo waliopata nafasi za masomo Yugoslavia tulikuwa tukikutana likizo na kulinganisha. Mlingoti umeandika vizuri, ila nina neno. Unawafanya watu waone mambo mepesi. Padeži zinataka kukaririwa, majedwali yote, umoja na wingi. Hakuna njia ya mkato. Halafu hujagusa kitu kinachoangusha kila mtu kwenye lugha zote za Kislavi: vitenzi viwili viwili. Hapo ngeli haikusaidii.

Mlingoti

Shikamoo mzee wangu. Nimeikubali nusu.

Majedwali yakaririwe, sawa, lakini yasikaririwe matupu. Mtu anayeimba žena, žene, ženi, ženu, ženo, ženi, ženom kama shairi, ukimuuliza "uko wapi" dukani anaanza kuimba kutoka mwanzo ndipo afike kwenye jibu. Heri ajue u gradu, iz grada, s gradom kama vifungu, halafu jedwali lije kuthibitisha. Na utaratibu wa vitabu vingi, nominativi kisha genitivi kisha dativi, ni wa kamusi. Mtu aanze na akuzativi na lokativi kwa sababu atazitumia siku ya kwanza: nataka hiki, niko pale. Kisha genitivi, ambayo imetapakaa kila mahali: baada ya bez (bila), do (mpaka), blizu (karibu), baada ya kiasi, na baada ya nema: nema kruha, mkate hakuna.

Ila kwenye vitenzi mzee umesema kweli tupu, na hapo nataka nikae.

Karibu kila tendo la Kikroatia lina vitenzi viwili. Kimoja kinaliona tendo likiendelea au likirudiwa (nesvršeni), kingine kinaliona limefika mwisho wake (svršeni). Čitati na pročitati, kusoma. Pisati na napisati, kuandika. Piti na popiti, kunywa. Kupovati na kupiti, kununua. Kitabu cha Kiingereza kitakuambia linganisha na "I was reading" na "I read", na hapo ndipo kinapopoteza watu, kwa sababu Kiingereza kinaweka tofauti hiyo kwenye njeo, wakati Kikroatia kinaiweka ndani ya kitenzi na kuibeba mpaka kwenye wakati ujao na kwenye kitenzi-jina.

Čitao sam knjigu: nilikuwa nasoma kitabu, sijasema kama nilimaliza. Pročitao sam knjigu: nimekisoma chote. Mwanamke atasema čitala sam, pročitala sam. Mfano ninaowapa watu siku zote ni huu: Učio sam, ali nisam naučio. Nilisoma, lakini haikuingia. Učiti ni kukaa na daftari, naučiti ni kujua. Vitenzi viwili, hali mbili tofauti za maisha.

Mtu akikuuliza Što radiš?, unafanya nini, jibu ni Čitam. Huwezi kujibu Pročitam, kwa sababu tendo ambalo mwisho wake umeshafika haliwezi kuwa linaendelea sasa hivi. Hiyo pročitam inapatikana kwenye sentensi kama Kad pročitam, reći ću ti. Hapa Kiswahili kinarudi kutusaidia: nikishasoma, nitakuambia. Ile -sha- yetu inakaa karibu sana na umbo hili. Kila ukijikuta unataka kusema -kisha-, chukua kitenzi svršeni.

Na ukitumia početi (kuanza) au prestati (kuacha), kinachofuata lazima kiwe nesvršeni: Počeo sam čitati. Huwezi kuanza mwisho.

Kingine cha kushika: kiambishi cha mbele si cha kukamilisha tendo tu, mara nyingi kinazaa maana mpya. Toka pisati unapata potpisati (kutia sahihi), prepisati (kunakili), opisati (kueleza sura ya kitu), zapisati (kuandika usisahau). Halafu kila kimoja kinajitafutia mwenzake wa hali isiyokamilika: potpisivati, prepisivati, opisivati, zapisivati. Sisi tunanyambulisha kwa nyuma, andika, andikia, andikisha, andikiana. Wao wanaanzia mbele. Daftari la msamiati liandikwe kwa jozi tangu mwanzo. Anayeandika kimoja kimoja atakuja kurudia daftari zima.

Mzee_Kalamu

Marahaba. Hapo kwenye -kisha- sikuwahi kupafikiria, na Kirusi nimekitumia miaka mingi. Endelea.

Niongeze kwa wasomaji: waliosoma Zagreb wakati ule waliita lugha hiyo hrvatskosrpski, Kikroatia na Kiserbia pamoja. Vitabu vya zamani vya Kiingereza bado vina jina hilo. Mtu aangalie anachonunua.

Mlingoti

Muhimu sana hilo. Kikroatia leo ni lugha rasmi ya nchi kwa jina lake, na tangu Kroatia iingie Umoja wa Ulaya tarehe 1 Julai 2013 ni moja ya lugha rasmi za Umoja. Ukitumia kitabu cha zamani utaeleweka, ila utakuwa unachanganya. Utasema Moram da radim (lazima nifanye kazi) ambapo Zagreb wanategemea Moram raditi. Utasema hleb, wao ni kruh. Na miezi! Kiserbia wana januar, Kikroatia ni siječanj, veljača, ožujak, travanj, svibanj, lipanj, srpanj, kolovoz, rujan, listopad, studeni, prosinac. Hakuna hata mmoja utakaoubahatisha kutoka Kiingereza. Kwenye mazungumzo wengi hutaja namba ya mwezi tu, lakini barua za ofisi zinaandika majina.

MjukuuWaLamu

Mimi niko Split, jikoni kwenye mgahawa. Kitabu kinasema mlijeko ni maziwa, lijepo ni vizuri. Hapa jikoni nasikia mliko, lipo. Nani mwenye makosa?

Mlingoti

Hakuna mwenye makosa, ndugu. Kikroatia kina lahaja kubwa tatu, na majina yake yametokana na neno la kuuliza "nini": što, ča, kaj. Kištokavski, kičakavski, kikajkavski. Lugha sanifu imejengwa juu ya kištokavski chenye ije na je: mlijeko, dijete, lijepo. Dalmatia, pamoja na Split, wanasema i pale: mliko, dite, lipo. Zagreb mitaani utasikia kaj badala ya što. Sikiliza yote, zungumza jikoni kama wanavyozungumza ukitaka, ila ukiandika andika sanifu. Mtu wa Lamu hahitaji kuelezwa zaidi kuhusu kuwa na lahaja ya nyumbani na sanifu ya shule.

Mchapakazi_Ugenini

Samahani kutoka nje ya mada kidogo. Naitwa Joseph. Kwenye karatasi moja ya kazi wameandika "Josepha", kwingine "s Josephom". Nimeogopa, nikadhani jina langu limekosewa na litaleta shida kwenye kibali.

Mlingoti

Hujatoka nje ya mada hata kidogo, mkuu. Jina lako liko sawa. Kikroatia kinanyambua majina ya watu kama nomino nyingine, na ya wageni pia. Za Josepha ni kwa ajili ya Joseph, s Josephom ni pamoja na Joseph. Sheria inafuata mwisho wa jina. Juma linaishia na -a, kwa hiyo linafuata jedwali la žena japo ni la mwanamume: Vidio sam Jumu, idem s Jumom. Amina hivyo hivyo: Aminu, s Aminom. Mwangi linaongezewa j: Mwangija, s Mwangijem. Jina la mwanamke linaloishia na konsonanti halibadiliki kabisa: Vidio sam Esther. Ukijaza fomu, andika nominativi, yaani kama ilivyo kwenye pasipoti. Ndani ya sentensi waache walinyambue.

Na vokativi ni pale unapomwita mtu: Ivan anaitwa Ivane!, rafiki ni prijatelju!, na barua kwa bwana inaanza Poštovani gospodine. Hiyo ya barua ishike mapema, utaiandika mara nyingi.

TausiMweupe

Nina mawili. La kwanza namba. Duka la mikate naomba mmoja ni kruh, miwili kruha, mitano kruhova. La pili, nikisema Sam kupila kruh wananisahihisha kila siku na hawaniambii kwa nini.

Mlingoti

Namba kwanza, haraka. Moja: umoja wa kawaida. Mbili, tatu, nne: umbo ambalo leo linafanana na genitivi ya umoja, dva kruha, dvije kave. Tano na kuendelea: genitivi ya wingi, pet kruhova, pet kava. Kumi na moja mpaka kumi na nne ziko kundi la tano. Ishirini na moja inarudi kwenye umoja: dvadeset jedan kruh. Inaangaliwa namba ya mwisho. Kiswahili hakikupi msaada hapo, ni kuzoea tu, na dukani ndiyo darasa. Bei nazo: jedan euro, dva eura, pet eura. Kroatia ilianza kutumia euro tarehe 1 Januari 2023, kwa hiyo vitabu vingi bado vina mifano ya kuna, sarafu yao ya zamani. Hiyo ni ya kike: dvije kune, pet kuna. Usiihamishie kwenye euro.

Sasa sam. Hiyo ni neno dogo lisilo na mkazo, wanaliita enklitika, na haliwezi kufungua sentensi. Mahali pake ni pa pili. Kupila sam kruh. Jučer sam kupila kruh. Ja sam kupila kruh. Kitu cha kwanza kinaweza kubadilika, sam inabaki pale pale. Ila i na a (na) hazihesabiwi kuwa kitu cha kwanza: I kupila sam kruh.

Yakiwa mengi yanapanga foleni, na foleni haibadiliki: li ya kuuliza, halafu sam, si, smo, ste, su au ću au bih, halafu dativi (mi, ti, mu, joj, nam, vam, im), halafu akuzativi (me, te, ga, je, nas, vas, ih), halafu se, na mwisho kabisa je ya nafsi ya tatu umoja. Dao sam mu ga, nilimpa. Dao mu ga je, alimpa. Wenye Kiingereza wanaiona kama fumbo, kwa sababu viwakilishi vyao vinatembea huru. Sisi tunasema ni-li-mw-ona, na hakuna Mswahili anayeweza kusema nilionamw. Foleni ndani ya kitenzi tumeizoea. Mawili tu yanatofautiana: kwao foleni inakaa nyuma ya kitu cha kwanza, si lazima kwenye kitenzi, na kwao yambwa mbili zinaingia pamoja, mu na ga, wakati sisi tunaruhusu moja, nilimpa, na kile kitu kinabaki nje.

MjukuuWaLamu

Kiongozi nimeandika sentensi nne jana usiku baada ya kazi. Nisahihishie, usinionee huruma.

1. Ja idem s autobusom na posao.
2. Juma voli njegovu ženu.
3. Jučer sam vidio Amina u Rijeka.
4. Kad pročitam knjigu, vratit ću ti je.

Mlingoti

Ya kwanza: ondoa Ja, halafu ondoa s. Basi ni chombo, "kwa basi". Idem autobusom na posao. Na posao iko sawa, maana unaenda, si uko.

Ya pili ni sahihi kisarufi, ila umemsingizia Juma. Kiswahili kinasema Juma anampenda mke wake, na hatujui mke wa nani mpaka tuulize. Kikroatia kinalazimisha kuchagua. Njegovu ženu ni mke wa mwanamume mwingine. Mke wake mwenyewe ni svoju ženu. Kiingereza nacho hakitofautishi, kwa hiyo kitabu chako kitakuwa na ukurasa mzuri kuhusu svoj. Huo usiuruke.

Ya tatu: sam umeiweka mahali pake, safi. Lakini Amina ni yambwa, na Rijeka uko ndani yake: Jučer sam vidio Aminu u Rijeci.

Ya nne sina cha kugusa. Pročitam ni svršeni baada ya kad, "nikishakisoma". Vratit imeachia i yake mbele ya ću. Ti imetangulia je, dativi kabla ya akuzativi, na je imefuata jinsia ya knjiga. Leta nyingine, safari hii uweke namba na genitivi.